Notisi ya kuhama: Mwone wakili leo, usije ukamwona daktari kesho

Ndugu msomaji, ukiamka usiku ukamkuta mtoto wako ana homa kali, hungoji mwisho wa mwezi ndipo umpeleke hospitali. Lakini ukipewa karatasi inayokutaka uhame nyumba unamoishi, yaelekea utaikunja, uifiche chini ya godoro na kumwomba Mungu mwenye nyumba asahau. Wengi hufanya hivyo. Mimi ni daktari, si mwanasheria. Hata hivyo, leo nataka kukushawishi kwamba karatasi hiyo ni dalili ya hatari kwa afya yako sawa na homa ya mtoto, na kwamba wakili wa msaada wa kisheria anayeizuia au kuichelewesha hufanya kazi ya kinga inayoshinda dawa nyingi ninazoandika kila siku.

Wagonjwa wangu hutoka Kitale na viunga vyake, wengine Bungoma, na wengine hushuka kutoka Endebess na Suam, mpakani na Uganda. Huku kwetu watu wengi wanaishi mahali ambapo si pao kwa karatasi. Katika mitaa kama Tuwani, Kipsongo na Mitume, familia nzima hulala katika chumba kimoja na mkataba wao ni neno la mdomo tu. Mashambani, wapo wazee waliozaliwa katika vijiji vya vibarua kwenye mashamba makubwa yaliyoanzishwa na walowezi, wakafanya kazi humo hadi mvi, na bado hawana hati ya hata kipande cha kuzikiwa. Barabara mpya inapofika, bei ya ploti hupanda, na anayeishi kwa hisani ya mwingine huwa wa kwanza kuambiwa afungashe.

Maradhi yanayofuata lori

Je, kufukuzwa nyumba kunahusiana vipi na afya? Hebu tuanze na kifua kikuu, ugonjwa ambao bado tunao kwa wingi nchini. Mgonjwa wa kawaida wa TB hutakiwa kumeza dawa kila siku kwa miezi 6: miezi 2 ya kwanza dawa za aina nne, kisha miezi 4 dawa za aina mbili. Dawa hizo hutolewa bila malipo katika vituo vya umma. Kinachohitajika ni mgonjwa kuwa na mahali pa kukaa, kituo cha karibu anakofahamika, na mtu wa nyumbani wa kumkumbusha. Mwondoe mtu huyo katika nyumba yake mwezi wa pili wa matibabu, naye atakwenda kulala kwa shemeji, kisha kwa rafiki, kisha kwenye kibaraza cha duka. Kadi yake ya kliniki imebaki chini ya mabati yaliyoporomoka. Kituo chake kiko mbali. Dawa zikikatizwa hivyo, vijidudu hupata nafasi ya kuzizoea, na TB sugu ni ghali na ngumu kutibu kuliko ya kwanza. Aidha, katika chumba cha yule shemeji wanalala watoto wanne wanaovuta hewa ile ile.

Hali kadhalika kwa wanaotumia dawa za kupunguza makali ya virusi vya ukimwi. Dawa hizi hutaka saa maalumu na siri ya mwenyewe. Vyombo vikitupwa nje mbele ya majirani, chupa za dawa hutupwa pia, na siri aliyoitunza mtu kwa miaka 10 husomwa na mtaa mzima kwa dakika moja. Nimeona wagonjwa waliokoma kuja kliniki si kwa sababu dawa ziliwashinda, bali kwa sababu ya aibu ya siku ile.

Mwenye kisukari hana tena pahali baridi pa kuhifadhi insulini. Mama mjamzito hupoteza kijitabu cha kliniki, na mkunga wa mahali papya hajui kama aliwahi kutokwa na damu katika uzazi uliopita. Mtoto hukosa chanjo ya miezi 9 kwa kuwa familia ilikuwa njiani. Vyandarua hupotea, malaria ikaingia. Tena Kitale iko juu, kiasi cha mita 1,900 kutoka usawa wa bahari, na usiku wa mwezi wa Julai huku si wa kumlaza mtoto mchanga nje. Homa ya mapafu haiulizi nani alikuwa na haki kati ya mpangaji na mwenye nyumba.

Na usisahau moyo na akili. Mtu anayesubiri kila asubuhi kusikia hodi ya dalali halali usingizi. Shinikizo la damu hupanda hata akimeza vidonge vyake vyote. Naweza kumwongezea kipimo cha dawa, lakini dawa haiondoi hodi.

Tunawalaumu wagonjwa kwa makosa ya paa

Mgonjwa akiacha dawa, sisi wahudumu wa afya huwa wepesi kumwita mkaidi. Nchi hii iliwahi kufika mbali zaidi. Mwaka 2010 wagonjwa wawili wa TB kutoka Nandi walihukumiwa kifungo cha miezi 8 katika gereza la Kapsabet kwa kosa la kutomaliza dawa. Ilichukua hadi mwaka 2016 kwa Mahakama Kuu kutamka kwamba kuwafunga wagonjwa gerezani namna hiyo ni kinyume cha katiba. Angalia mgeuko wa mambo: mgonjwa aliyekatiza dawa alitafutiwa askari, lakini mgonjwa anayekatizwa dawa kwa kubomolewa chumba hatafutiwi mtu wa kumtetea. Mimi naona tungeanza na huyu wa pili.

Hata tauni kubwa ya karne hii haikutufunza upesi. Mwezi wa Mei 2020, wakati serikali ilipokuwa ikiwahimiza wananchi wakae nyumbani kujikinga na korona, maelfu ya watu huko Kariobangi, Nairobi, walibomolewa nyumba zao. Utakaaje nyumbani iwapo nyumba yenyewe imelala chini?

Sheria inasema nini

Watu wengi huamini kwamba maskini hana sheria. Si kweli. Kifungu cha 43 cha Katiba ya mwaka 2010 kinampa kila mtu haki ya kiwango cha juu cha afya kinachoweza kufikiwa, na hapo hapo kinamtajia haki ya makao yanayofaa na usafi wa kuridhisha. Waliotunga katiba hawakuziweka haki hizo katika kifungu kimoja kwa bahati tu. Nyumba na afya ni pacha.

Kwa anayeishi kwenye ardhi isiyo yake, Sheria ya Ardhi kama ilivyorekebishwa mwaka 2016 yataka apewe notisi ya maandishi ya miezi mitatu au zaidi. Aliyepewa notisi anaweza kwenda mahakamani kuomba nafuu. Ikiwa mahakama haikuizuia na siku ya kuondoka ikafika, wanaotekeleza lazima wajitambulishe na waonyeshe idhini yao, watu waheshimiwe utu wao, wazee, watoto, akina mama na walemavu wawekewe mipango maalumu, na wenyewe wapewe nafasi ya kwanza kubomoa na kuokoa mali yao. Kwa mpangaji wa mwezi hadi mwezi, notisi ni ya muda usiopungua mwezi mmoja. Na kwa nyumba za kuishi ambazo kodi yake ya kawaida haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi, lipo baraza maalumu la kusikiza kesi za kodi, na mwenye nyumba hana ruhusa ya kumtoa mpangaji kwa nguvu zake mwenyewe.

Basi, msomaji, linganisha hesabu hizi na zangu. Miezi mitatu ya notisi yatosha mgonjwa wa TB amalize awamu ya kwanza ya dawa, ahamishiwe kituo kingine kwa barua, na kadi yake isafiri pamoja naye. Yatosha mama ajifungue. Mara nyingi yatosha mtoto amalize muhula shuleni. Wakili anapopigania siku 90 badala ya siku 7, haongezi tarakimu tu. Anampa daktari nafasi ya kumaliza kazi.

Wakili huyu anafanya nini hasa

Ukisikia wakili unafikiria kesi za miaka na kanzu nyeusi. Kazi kubwa ya wakili wa msaada wa kisheria haiko huko. Kwanza husoma ile notisi na kuona kama ni halali. Nyingi zina kasoro za wazi. Pili humwandikia mwenye nyumba barua, na mara nyingi barua hiyo pekee hugeuza vitisho kuwa mazungumzo: deni lilipwe kidogo kidogo, au mpangaji ahame mwisho wa mwezi ujao kwa utaratibu. Tatu, mambo yakishindikana, huomba mahakama itoe amri ya muda ya kuzuia ubomozi hadi pande zote zisikizwe. Kanuni zilizotolewa mwaka 2013 za kutetea haki za kikatiba zimelegeza mambo hata kufikia kwamba mahakama inaweza kupokea barua ya kawaida kama malalamiko. Na katiba yenyewe inasema kesi za aina hiyo zifunguliwe bila ada.

Huduma kama hii si ngeni nchini. Kituo cha Sheria kilianzishwa mwaka 1973, na kimewatetea watu wa mitaa ya mabanda kwa miongo mingi. Mwaka 2016 Bunge lilipitisha Sheria ya Msaada wa Kisheria iliyounda Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria na kuwatambua wasaidizi wa kisheria, wale wenyeji waliofunzwa ambao si mawakili lakini wanajua pa kuanzia. Wasaidizi hawa ni kama wahudumu wetu wa afya vijijini: hawapasui mtu, ila humfikisha mgonjwa kwa daktari kabla hajazidiwa.

Lakini sitakudanganya kwamba wakili ana hirizi. Mwaka 2011 wakazi wa kijiji cha Mitumba karibu na uwanja wa ndege wa Wilson, Nairobi, watu zaidi ya 15,000, walipewa siku 7 kuondoka. Walikwenda mahakamani wakapata amri ya kuzuia, na bado nyumba zao zikabomolewa mwezi wa Novemba mwaka huo huo. Kesi ilipanda na kushuka hadi Mahakama ya Juu, iliyotoa uamuzi Januari 2021: kwamba watu wasio na ardhi wanapojenga makao kwenye ardhi ya umma hawapati hati ya ardhi hiyo, lakini wanapata haki ya makao inayostahili kulindwa. Uamuzi huo ni mkubwa, nao unamsaidia kila anayefuata. Kwa waliolala nje mwaka 2011 ulichelewa miaka 10. Ndiyo maana nasisitiza mapema. Kwa kufurushwa kama kwa surua, kinga hutangulia ugonjwa.

Eldoret waliliona hili

Huenda ukasema, daktari na wakili wana lipi pamoja? Mwaka 1993 mjini Boston, Marekani, daktari wa watoto Barry Zuckerman alichoka kuwatibu pumu watoto wale wale waliorudi kila mara katika nyumba za kupanga zenye unyevu na ukungu. Akaleta mwanasheria hospitalini. Wenye nyumba wakaandikiwa, nyumba zikatengenezwa, watoto wakapumua. Mwaka 2017 jiji la New York likawa la kwanza nchini humo kuweka sheria ya kuwapa wapangaji wa kipato cha chini wakili wa bure wanapokabiliwa na kesi ya kufukuzwa.

Wala usidhani haya ni ya ng'ambo tu. Hapa jirani, Eldoret, mwaka 2008 kilianzishwa kituo cha msaada wa kisheria kilichojulikana kama LACE, kikiambatana na mpango wa AMPATH wa kuwahudumia wenye virusi vya ukimwi. Mgonjwa aliyenyang'anywa nyumba au shamba aliweza kuelekezwa kwa mwanasheria kama anavyoelekezwa maabara. Kwingineko, shirika la KELIN limefanya kazi na wazee wa jamii katika Kisumu na Homa Bay kuwarudisha wajane waliofukuzwa na jamaa za waume zao. Mjane aliyerudi chini ya paa lake hurudi pia kwenye ratiba ya dawa.

Haya ndiyo maoni yangu, na ninayatoa kwa serikali za kaunti zenye dhamana ya hospitali: wekeni dawati la msaada wa kisheria katika kila hospitali kubwa ya kaunti, likianza na siku moja kwa wiki. Meza, viti viwili, na msaidizi wa kisheria mwenye simu ya wakili. Muuguzi anayemuuliza mgonjwa wa TB, "Unakohoa tangu lini?" amwulize pia, "Unapolala pana shida?" Jibu likiwa ndiyo, amwonyeshe mlango wa pili.

Mwenye nyumba naye je?

Najua wako wasomaji wenye vyumba vya kupangisha, na wanauliza kama nataka watu wakae bure. La hasha. Mwalimu mstaafu aliyejenga vyumba vinne kwa pensheni yake anategemea kodi hiyo kununua dawa zake mwenyewe. Nao ni wagonjwa wangu. Wakili mzuri hamfundishi mpangaji kukwepa deni. Humpa mwenye nyumba pia faida: makubaliano yaliyoandikwa, tarehe inayojulikana, na mpangaji anayeondoka kwa amani badala ya kutoweka usiku na deni la miezi mitano. Anayeng'oa mabati ili kumtoa mtu naye hujitafutia kesi. Haki iliyopitia mlangoni haimuumizi yeyote kama ile iliyoruka ua.

Na pale ambapo mlango wa sheria hauonekani, watu hutafuta njia nyingine. Kutoka Suam unauona Mlima Elgon. Upande wa Bungoma wa mlima huo, mpango wa makazi wa Chepyuk ulioanza mwaka 1971 ulizaa ugomvi wa mashamba uliodumu miongo. Awamu ya tatu ya mgao ikawaacha wengi bila shamba, na kuanzia mwaka 2006 kundi lenye silaha la SLDF likachukua uwanja. Kufikia mwaka 2008 mamia ya watu walikuwa wameuawa na makumi ya maelfu wamekimbia makwao. Juu ya mlima huo huo, Waogiek wa Chepkitale, ambao ardhi yao ilitangazwa hifadhi ya wanyama mwaka 2000, walishika njia ya mahakama. Ilikuwa ndefu, lakini mwaka 2022 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Bungoma iliamua kwa upande wao. Ni mlima mmoja na kilio kimoja cha ardhi. Njia ya kwanza ilijaza wodi na makaburi. Ya pili ilijaza majalada. Mimi daktari nachagua majalada.

Ukipewa notisi, fanya hivi

Kwanza, usiichane wala kuificha. Andika nyuma yake siku uliyoipokea na aliyekuletea.

Pili, kusanya risiti za kodi, ujumbe wa malipo ya simu, mkataba kama upo, na majina ya majirani wanaojua umekaa hapo tangu lini.

Tatu, kabla ya wiki kwisha, tafuta ofisi ya msaada wa kisheria iliyo karibu. Usipoijua, uliza katika masjala ya mahakama; kuuliza hakulipiwi.

Nne, kama wewe au mtu wa nyumba yako yuko kwenye matibabu ya kila siku, ni mjamzito au ni mlemavu, mwombe daktari wako barua inayosema hivyo. Barua hiyo huipa mahakama picha ambayo notisi haionyeshi.

Tano, weka dawa, kadi za kliniki na vitambulisho katika mfuko mmoja karibu na mlango. Yakikufika ya kufika, mfuko huo utoke kabla ya televisheni.

Sita, ukishafukuzwa na dawa zikapotea, nenda kituo cha afya kilicho karibu siku hiyo hiyo au kesho yake, hata kama si chako. Sema wazi unameza dawa gani. Hakuna aibu katika hilo, na dawa za TB na za virusi vya ukimwi hazipaswi kungoja upate nyumba.

Nawe msomaji ambaye una nyumba yako na hujawahi kuona notisi, usiseme hayakuhusu. Kijana anayekuuzia mboga, mama anayekulelea mtoto, askari anayelinda lango lako, wote wanalala mahali fulani. Wakikosa pa kulala, kikohozi chao kitakufikia kabla ya habari zao. Mwulize diwani wako wa kaunti swali moja: hospitali yetu ina dawati la wakili? Akikujibu kwamba hospitali ni ya madaktari, mwambie daktari mmoja wa Kitale anaomba msaada.